BAKORA MKONO UPI?

Siku moja ukitoka Ngome ya Yesu baada ya alasiri, ifuate Ndia Kuu polepole kuelekea Bandari ya Kale. Utawakuta wazee wetu barazani, bakora zimelazwa mapajani. Watazame wakinyanyuka. Wengi hushika bakora mkono wa upande ule ule wa mguu unaouma. Kwa macho, hilo ni jambo la akili kabisa: mguu wa kushoto wauma, basi fimbo na ikae kushoto, karibu na maradhi.

Madaktari wa viungo wasema kinyume chake. Na kwetu Kibokoni neno hilo limezua ubishi usiokwisha, kwa sababu mwenye bakora ni babu yangu, naye si mtu wa kuambiwa mara moja akasikia.

Babu alikuwa hamali. Aliteremsha magunia ya mchele na tende kutoka majahazini kwa miaka mingi, na sasa nyonga yake ya kushoto imechakaa. Kazi ya kubeba mizigo mizito muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kuchakaa kwa nyonga, ingawa uzee nao una fungu lake. Daktari alimpa bakora, akamwambia aishike mkono wa kulia. Babu akaitikia "naam, naam" kwa adabu zote. Tulipofika langoni tu, bakora ikahamia kushoto.

"Babu, daktari amesema kulia."

"Mjukuu wangu, mimi n'mebeba magunia babako hajazaliwa. Leo waja kunifunza kushika fimbo? Na nikikutana na mtu njiani n'mpe mkono gani? Wa shoto?"

Hapo nikanyamaza. Nani asiyejua kwamba Mji wa Kale huendi hatua kumi bila ya kupeana mkono na mtu? Lakini wiki ile alijikwaa ngazini akaangukia ukuta, na nyanya hakulala. Nikaamua kuitafuta hoja yenyewe, niijue kwanza mimi.

Kiungo cha nyonga kimeumbwa kama kinu na mchi. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho kimezama ndani ya tundu refu la fupanyonga. Vyote viwili vimevikwa gegedu, utando laini unaoteleza, na katikati yake mna ute. Kuzama huko ndiko kunakoipa nyonga uthabiti. Lifananishe na bega: nalo ni tufe na tundu, ila tundu lake halina kina, mfano wa limau juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono hufika mbele, nyuma na juu ya kichwa, na ndiyo maana wachezaji wetu huteguka bega mara kwa mara lakini hujapata kusikia mmoja ameteguka nyonga kwa kusukumwa uwanjani. Kiungo kikipewa uhuru mwingi hupungukiwa na uimara. (Vitabu hulifananisha goti na bawaba. Milango yetu ya kale ya nakshi haina bawaba. Huzunguka kwa vigingi vilivyoingia matunduni juu na chini. Mlango huo wafanana zaidi na shingo, ambapo pingili ya pili ina kigingi kinachoingia katika pete ya pingili ya kwanza.)

Sasa njoo kwenye hesabu, na usikimbie, ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Babu ana kilo 60. Akitembea, kila hatua kuna wakati anasimama kwa mguu mmoja. Mguu huo hujibeba wenyewe, hivyo juu ya nyonga hubaki kilo 50 hivi. Lakini uzito huo hauko juu ya nyonga barabara. Uko katikati ya mwili, kama sentimita 10 kando. Wataka kumwangusha upande wa pili. Kinachomzuia ni misuli iliyo ubavuni mwa nyonga, nayo hushika karibu sana, kama sentimita 5 tu. Basi 50 mara 10 ni 500. Gawa kwa 5, misuli yapaswa kuvuta kwa nguvu ya kilo 100. Jumlisha na zile 50 za mwili. Nyonga mbovu ya mzee wa kilo 60 yabanwa kwa kilo 150, kila hatua.

Mpe sasa bakora mkono wa kulia, sentimita 50 kutoka nyonga ya kushoto. Akiikandamiza kwa kilo 5 tu, 5 mara 50 ni 250. Nusu ya kazi ya misuli imeondoka: badala ya 100, yavuta 50. Mwili nao umepunguziwa zile 5, imebaki 45. Jumla ni 95. Kilo 5 za kiganja zimemwondolea kilo 55! Bakora ikiwa kushoto hupokea uzito kidogo, lakini haisaidii misuli ile, kwa kuwa iko upande ule ule wa nyonga na misuli yenyewe. Mzee hulazimika kuuinamisha mwili juu ya mguu mgonjwa apate nafuu, na kuinama huko ndiko kulikomwangusha ukutani.

Nilimsomea babu hesabu hizi. Akapiga miayo.

Ndipo nikakumbuka mzegazega. Enzi za ujana wake maji yalichukuliwa kwa mti begani na madebe mawili, moja kila ncha. Nikamuuliza: debe moja likiwa zito kuliko la pili, ulifanyaje? "Nasogeza bega kwenye debe zito," akasema, kama anayemjibu mtoto mjinga. Nikamwambia: babu, nyonga yako ndiyo bega, nayo haisogezeki. Mwili ni debe jepesi lililofungwa mbali, misuli ni debe zito lililofungwa karibu. Bakora ya kulia ni mtu aliyekuja kulishika debe la mbali kutoka chini.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Hilo sawa. Na salamu je?"

Alipokuwa bado ametega sikio nikamsimulia na utafiti wa mwaka 1986, alipoandika G.M.O. Maloiy wa Nairobi pamoja na wenzake katika jarida la Nature. Waliwapima kina mama wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini, wakaona kwamba mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawatumii nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ikaelezwa kwamba mwendo wao, wanapokuwa na mzigo kichwani, wabembea vizuri zaidi, nguvu ya hatua moja ikiingia katika hatua ya pili. Babu alifurahi mno. "Sisi twajua siku nyingi." Hakuulizwa, lakini alijibu.

Jawabu la salamu lilitoka katika hesabu ile ile. Mtu akisimama kwa miguu miwili, misuli ya ubavuni haina cha kuzuia. Miguu huchukua thuluthi ya uzito wa mwili. Zilizobaki ni kilo 40, zikigawanywa ni 20 kila nyonga. Kwa hivyo salamu haina madhara, mradi asimame kwanza, miguu yote miwili chini. Na salamu za kwetu, nani huzitoa akitembea? Nyanya akashona kitanzi cha kitambaa kichwani mwa bakora. Babu husimama, bakora ikaning'inia kifundoni mwa mkono, mkono wa kulia ukatoka kama kawaida.

Tangu hapo msikitini huenda na kurudi kwa mkono wa kulia. Ngazi za nyumba yetu ndizo bado. Daktari alisema akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize mgonjwa pamoja na bakora. Kupanda hupanda hivyo. Kushuka, akisikia muuza kahawa agonganisha vikombe vyake huko chini, husahau kila kitu.