Asali ya Ugalla mbele ya kamati

Katika nchi yetu wimbo huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: una ujumbe gani? Swali hilo tumelirithi. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi iliyotaka kurekodi ilitegemea studio ya serikali, na mashairi yake yalipitiwa kwanza. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ilipoanzisha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, swali likapata ofisi na mhuri. Marshall McLuhan aliandika mwaka 1964 kwamba chombo chenyewe ndicho ujumbe. Alitutaka tuache kidogo kuyakagua maneno, tukitazame kile kinachoyabeba. Wazo hilo nimelifundisha kwa miaka mingi. Kwenye vyumba vya kamati bado sijalikuta.

Nimelikumbuka kwa sababu ya video moja ya muziki iliyotengenezwa na mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, kijana wa upande wa Ugalla, mkoani Katavi. Sasa amehitimu, amenipa ruhusa ya kuandika, na ameomba jambo moja tu: nisitaje jina la wimbo wala lake.

Video ina urefu usiofika dakika nne. Ilipigwa kwa simu wakati wa likizo, ikahaririwa kwa simu hiyo hiyo, na mdundo wake ulipakuliwa bure mtandaoni. Kwa mtazamo wa kwanza ni Bongo Fleva ya kawaida: miwani ya jua, mikono inayokata hewa, binti anayegeuza uso taratibu. Pale ambapo msanii wa Dar es Salaam angeegesha gari la kifahari, vijana hawa wameweka pikipiki ya kukodi na treni ya Mpanda ikipita nyuma yao, katika reli iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya kusomba madini ya risasi. Halafu kuna mzinga. Ni mzinga wa gome la mti, umening'inizwa mtini kama wanavyofanya warina asali wa misitu ya miombo, na unaonekana mara tano. Mwimbaji anamlilia mpenzi ambaye asali yake imewekwa ng'ambo ya bikoni, naye aliyeionja tangu utotoni sasa anaitwa mwizi akiisogelea.

Malalamiko yalifika kwenye kamati ya nidhamu kwamba wimbo huo una matusi. Asali, walisema, inajulikana maana yake. Haikuwa hofu ya kuzuka tu. Februari 2023, baada ya video ya wanafunzi wakicheza wimbo wa Zuchu kusambaa, walimu wakuu wa shule mbili za Tunduma walivuliwa nafasi zao, na tangu hapo kila mwenye dhamana ya wanafunzi hutazama skrini kwa jicho la tahadhari. Kijana alikuwa anakabiliwa na uwezekano wa kusimamishwa masomo mwaka mzima. Mimi, kwa kuwa nafundisha nadharia za vyombo vya habari, niliombwa kuandika maoni ya kitaalamu: je, wimbo huu unamaanisha nini?

Swali hilo lina jibu maarufu darasani. Stuart Hall, Mjamaika aliyefanya kazi Birmingham, alieleza mwaka 1973 kwamba anayetengeneza ujumbe huusimba kwa misimbo yake, na anayeupokea huusimbua kwa ya kwake, na hakuna sheria inayolazimisha misimbo hiyo ilingane. Mtazamaji anaweza kuipokea maana iliyokusudiwa, anaweza kuafikiana nayo nusu nusu, anaweza pia kuigeuza kabisa. Mfano mzuri tulipewa bure Machi 2017. Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake “Wapo” na BASATA ikaufungia. Muda mfupi baadaye Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, uchezwe, na ikiwezekana msanii aongeze aina nyingine za waovu, wakiwemo wakwepa kodi. Wimbo ulikuwa ule ule, serikali ile ile, wiki ile ile. Hall angefurahi.

Basi nikausoma wimbo wa mwanafunzi wangu kama ningemsomea mtu wa Ugalla. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Katika pori la akiba wananchi waliweza, kwa kibali na kwa msimu, kuvua samaki na kurina asali. Katika hifadhi ya taifa milango hiyo hufungwa. Zipo sababu nzito za uhifadhi, na mto ule unastahili kulindwa. Lakini mtu ambaye babu yake alitundika mizinga humo hawezi kusikia maneno “asali” na “bikoni” katika mstari mmoja akafikiria kitanda. Atafikiria mzinga, na kamera imemwonyesha mzinga mara tano ili asikosee. Hapo ndipo McLuhan alipokuwa na faida: kamati ilipewa mashairi yaliyochapwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi mzinga haupo.

Nilikuwa na usomaji uliomsafisha kijana kabisa na tuhuma ya matusi. Ningeweza kuuthibitisha picha kwa picha. Na kwa kuuthibitisha ningemtoa kwenye kosa la nidhamu na kumweka kwenye la kupinga uamuzi wa serikali, ambalo halisikilizwi na wahadhiri watano na katibu wao.

Hili ni jambo ambalo vitabu vyetu vya nadharia havilitaji. Viliandikwa mahali ambapo mhakiki anayefichua maana iliyojificha hupandishwa cheo. Mahali pengine mhakiki huyo ni shahidi wa upande wa mashtaka, hata kama ameingia chumbani kwa nia ya kutetea. Nawaambia hasa wanafunzi wangu wanaoandika tasnifu juu ya sanaa za vijana: kabla hujaandika “msanii anaikosoa dola”, jiulize nani mwingine ataisoma tasnifu hiyo.

Waswahili walilijua hilo kabla ya Birmingham. Taarabu imeishi kwa fumbo. Anayeimba hamtaji mtu. Anayeona uchungu ndiye anayejitaja. Katika mfano wa Hall, msimbaji anayo maana anayoitaka na angependa ifike salama. Mfumbaji hataki maana moja ifike. Anazituma mbili kwa makusudi, na ile ya juu ndiyo hirizi ya ile ya chini. Nilipomwuliza kijana ofisini, “Wimbo huu unahusu nini?”, alinitazama kwa utulivu na kunijibu, “Mwalimu, ni wimbo wa mapenzi.” Lilikuwa jibu sahihi, na sikumwuliza la pili.

Niliandika kurasa mbili. Nilieleza kwamba asali ni sitiari kongwe ya upendo katika ushairi wa Kiswahili, ipo hata katika Biblia ambayo wajumbe kadhaa wa kamati huisoma kila Jumapili. Kwamba hakuna tendo wala vazi la aibu katika video. Na kwamba mzinga ni kifaa cha kiuchumi cha eneo analotoka mwanafunzi, kama jahazi lingekuwa kwa mtu wa Kilwa. Kila sentensi ni ya kweli. Neno “bikoni” sikulieleza, kwa kuwa hakuna aliyeliulizia.

Kamati ilikaa mara mbili. Tuhuma ya matusi ilifutwa, na kijana akapewa onyo la maandishi kwa kosa ambalo mimi sikuliona katika kuitazama video mara zote zile: rafiki yake, anayepita nyuma ya pikipiki kwa sekunde mbili hivi, amevaa fulana yenye nembo ya chuo, na matumizi ya nembo yanahitaji kibali. Aliagizwa aiondoe. Katika toleo lililopo sasa kifua cha rafiki huyo kimefunikwa kwa ukungu, na mzinga unaonekana mara tano.