Luano: bloki ya motere haichongwi kila mara

Bisi ilianza kutoa moshi wa bluu mwezi wa Juni, wakati vumbi jekundu la Luano linakaa juu ya miti, juu ya mabati, na ndani ya pua za watu. Shofere alikuwa anaongeza lita moja ya mafuta ya motere kila siku mbili. Abiria wa barabara ya uwanja wa ndege wakaanza kusonya na kupanda bisi ya nyuma.

Hiyo bisi, Toyota HiAce ya motere 2L, si mali ya mtu mmoja. Ni ya familia tatu zilizokimbia vita upande wa Mitwaba, zikakuja kujenga nyumba za matofali mabichi hapa Luano. Walichanga pesa mwaka mzima ili wainunue. Shofere ni mtoto wa familia moja, lakini versement ya jioni inagawanywa kwa tatu: chakula, dawa, minerval ya watoto wa sekondari. Bisi ikilala siku moja, nyumba tatu zinajua.

Kijana mmoja mwenye kuuza vipande vya magari alikuwa na jibu la haraka. 2L ina silinda ya milimita 92, akasema, na 3L ina ya 96, na hizo motere ni ndugu. Basi wachonge bloki mpaka 96, waweke pistoni za 3L, motere itapata nguvu na moshi utakwisha. Bei ilikuwa nzuri. Wazee wawili wa familia walikubali palepale, maana mtu mwenye njaa hapendi hesabu ndefu.

Shofere hakukataa mbele ya wakubwa. Alipeleka bloki kwa fundi mzee, mmoja wa wale zaidi ya elfu kumi waliotoka Gécamines katika ile operesheni ya kuacha kazi ya mwaka 2003. Mzee hakuuliza bei ya pistoni. Aliuliza: "Mwanangu, hii bloki imekwisha kuchongwa mara ngapi?"

Hakuna aliyejua. Mzee akapima, akakuta imekwisha kuchongwa mara moja, 0,50. Chini kabisa ya silinda, mahali segima hazifiki, kipimo kilikuwa 92,50. Juu ya silinda ya tatu, upande ule pistoni inakosukuma kwa nguvu, kilikuwa 92,71. Katika vitabu vya Toyota vya motere nyingi, silinda ikilika kupita 0,2 sharti ichongwe. Hapa ilikuwa 0,21.

Pistoni kubwa zinauzwa kwa hatua: 0,25, 0,50, 0,75, na 1,00. Shofere alifikiri 0,75 ingetosha, maana 92,75 inapita 92,71. Mzee akatikisa kichwa. Silinda hailiki sawasawa pande zote. Imelika upande mmoja zaidi, na mashine ikisimama katikati ya tundu, 0,04 haitoshi kufuta alama zote. Ingebaki sehemu yenye shimo, mafuta yangepita pale, na moshi ungerudi kabla ya mvua. Kwa hiyo ni 1,00, yaani milimita 93. Na silinda zote nne zinakwenda pamoja, hata ile iliyo nzuri.

Sasa kuhusu ile 96. Mtu akichonga milimita moja, anaondoa nusu milimita kila upande wa ukuta. Akitoka 92 mpaka 96, anaondoa milimita mbili nzima pande zote, na nyuma ya ukuta huo kuna maji ya kupoza motere. Tena chuma kilipomwagwa kiwandani, ukuta haukutoka sawa: upande mmoja unaweza kuwa mwembamba kuliko mwingine, na kwa macho hauonekani. Ukuta mwembamba unapanuka kwa joto, silinda inapoteza mviringo, segima hazishiki, kisha siku moja kwenye mlima unapasuka na maji yanaingia kwenye mafuta. Halafu pistoni ya 3L ilitengenezwa kwa motere ambayo mwendo wake wa juu na chini ni milimita 96. Wa 2L ni 92. Undugu wa motere una mipaka, kama wa watu.

Na nguvu iliyoahidiwa? Kwa 93, motere ya 2 446 inafika karibu 2 500. Abiria hatasikia tofauti hata moja. Watu wengi wa Lubumbashi wanadhani kuchonga ni kuongeza nguvu. Ni kusafisha jeraha tu, na kila mara nyama inapungua.

Kitu kilichomsumbua mzee zaidi kilikuwa kutu. Mwaka mzima radiateri ilijazwa maji ya kisima, bila dawa. Kutu inakula ukuta kutoka nyuma, mahali mikromita haifiki. Kabla ya kukubali kazi, akafunga matundu yote ya maji, akasukuma hewa ndani, akazamisha bloki katika pipa la maji ya moto. Shofere na baba yake walichuchumaa pale wakitazama pipa. Kama povu lingepanda, kungebaki njia ya shemizi, ambayo nayo inataka chuma cha kutosha cha kuishikilia, au kutafuta bloki nyingine kwa pesa wasizokuwa nazo.

Povu halikupanda.

Walinunua pistoni kwanza, wakampa mzee azipime moja moja, ndipo mashine ikachonga kufuata pistoni zenyewe, na kuacha nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Mwenye kuchonga kabla ya kushika pistoni mkononi anacheza bahati nasibu. Filtri ya hewa ya zamani ilikutwa imepasuka, maana kila asubuhi ilikuwa inapigwa kwenye gurudumu ili itoe vumbi. Motere yote ililiwa na hilo pasuko la urefu wa kidole.

Bisi ililala wiki tatu. Familia moja ilikopa unga kwa jirani, nyingine ikauza redio. Sasa inakwenda tena mpaka soko la Kenya, polepole, na kwa kilometa elfu moja za kwanza shofere hakubali mtu wa kuongezwa mlangoni, hata akitukanwa.

Kabla ya kufunga motere, mzee alichukua nyundo na chuma chenye ncha, akapiga alama ubavuni mwa bloki ili fundi atakayeifungua asidanganyike: 1,00. Chini yake akapiga msalaba.