Kwihara, Nikitafuta Vikuukuu

Watu hupanda basi kwenda Tabora kununua asali. Mimi nilikwenda kutafuta vikuukuu: sarafu, shanga, masanduku ya njumu, chochote kilichopita na misafara kikaachwa nyuma. Sikuwa nimewahi kufika. Baada ya Nzega ni miombo tu, na mizinga ya nyuki juu ya miti.

Jumamosi sokoni, muuza vyuma chakavu alinimwagia mkebe wa sarafu. Nyingi zilikuwa senti za Mwingereza, zile zenye tundu. Katikati yake nikaona shaba iliyofifia: heller 20, mwaka 1916, na chini ya mwaka herufi T. Ndiyo Tabora yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia manowari za Waingereza zilifunga bahari, fedha kutoka Ulaya zikawa hazifiki, na Wajerumani bado walikuwa na askari wa kulipa. Wakaigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Vyuma vya shaba vikatoa hizi heller, na dhahabu ya Sekenke ikatoa rupia 15 yenye sura ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Tembo wa kweli wa dhahabu siku hizi hupatikana minadani ng'ambo. Niliyeonyeshwa mimi alikuwa mwepesi, tena aking'aa kama sufuria mpya. Nikaichukua heller kwa bei niliyotajiwa, na muuzaji akanuna. "Kaka, mbona huombi nikupunguzie?"

Kesho yake bodaboda ikanipeleka Kwihara, kilomita chache kusini magharibi mwa mji. Nyumba ya makumbusho ni tembe: paa bapa la udongo, kuta nene, ua katikati. Imejengwa upya, na macho huliona hilo haraka. Mpelelezi Livingstone alifika hapa pamoja na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa amemtafuta, Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi; Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Kwa hiyo makumbusho ni yake: barua, ramani, picha.

Mimi nilitaka mizigo ya misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo thelathini hivi za pembe, kitambaa cha merikani, nyaya za shaba au shanga, na hizo shanga ndizo zilizonunua chakula njiani. Shanga nyekundu za samesame zilizogombewa mahali pamoja ziliweza kukataliwa mwendo wa siku chache mbele, msafara ukalala njaa juu ya magunia ya mali. Aliyejua wapi wanataka rangi gani alikuwa na thamani kuliko mwenye ramani, lakini ukutani ameangikwa mwenye ramani.

Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao, watumishi wa Livingstone, walifika hapa wakiwa na maiti yake, aliyefariki Mei katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walimkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakatembea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, wakalipwa ujira wao na safari yao ikaishia hapo. Jeneza likaenda London bila Susi wala Chuma. Kwangu mimi, kukataa kule ndiko tukio kubwa kuliko yote ya Kwihara, na lingestahili chumba kizima.

Nikasimama mbele ya mlango uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda milango ya namna hii iliyochongwa kabla ya 1940. Naijua vizuri, ila tamaa haisomi sheria. Nikamgeukia mzee tuliyekuwa tumeketi naye kivulini.

"Shikamoo tena, mzee. Mlango kama huu, kijijini hauwezi kupatikana?"

"Marahaba. Unapatikana. Ukinunua unafungwa wewe, nikikutafutia nafungwa mimi. Twende tukanywe chai."

Chai nililipa mimi.