Mume Aliyeficha Wema Wake

Katika sanduku la vitabu vyangu vya zamani mna hadithi moja ya Kifaransa ambayo jalada lake limekwisha kung'oka. Jina lake ni Le Maître de forges, yaani Bwana wa Kiwanda cha Chuma, nayo ilitungwa na Georges Ohnet mwaka 1882. Wataalamu wa vitabu walimdharau sana mtungaji huyo, lakini watu waliipenda hadithi yake, hata mwaka 1883 ikachezwa jukwaani kule Paris. Mimi niliisoma katika ujana wangu nikaipenda vilevile. Msimu wa mvua uliopita nikaanza kumsimulia mke wangu jioni kwa jioni, tukiisha kuwalaza watoto.

Claire de Beaulieu ni binti wa ukoo mkuu, naye amechumbiwa na binamu yake, mwenye cheo cha duki. Ghafula mali ya nyumba yao yapotea kwa kushindwa kesi Uingereza. Mama yake amficha habari hiyo. Yule duki amwacha, achumbia binti wa tajiri mtengenezaji wa chokoleti. Claire, kwa uchungu wa kuaibishwa, akubali kuolewa na Philippe Derblay, mwenye kiwanda cha chuma katika milima ya Jura. Huyu alipata mali kwa jasho, wala hakuwa na jina la ukoo. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalikuwa yameyafuta mapendeleo ya watu wa vyeo, lakini hata baada ya karibu miaka mia dharau ilikuwa ingali hai mioyoni.

Hapa ilinibidi nimweleze mke wangu ya kuwa desturi yao ilikuwa kinyume cha yetu: huko mwanamke ndiye aliyeleta mali kwa mumewe. Derblay alijua ya kuwa Claire hana kitu. Akamwoa hivyohivyo, akawaomba ndugu zake wasimwambie, asije akaumia. Usiku wa arusi Claire akamwambia atwae mali yake yote, ila amwachie uhuru wake. Mali gani? Hakuwa nayo. Naye mume akanyamaza, akaificha siri hata saa ile. Tangu hapo wakawa mume na mke mbele ya watu tu.

Nilimsifu mno Derblay. Nilidhani mke wangu atalia. Yeye alikuwa akichambua maharage. Akasimamisha mikono, akasema:

«Baba, huyo bwana alimpenda mkewe, ama alipenda kumwona akiwa na deni asilolijua?»

Sikujibu. Usiku ule sikupata usingizi.

Baba mkwe wangu alikuwa karani. Baba yangu alikuwa mchuma chai. Nilipomwomba binti yake, alinikubali kwa sababu ya mshahara wa ualimu, na binti akamtii baba yake. Hatukuwa tumejuana sana. Mahari ilikuwa ng'ombe, na wawili kati yao niliwapata kwa fedha ya kukopa, nisije nikaonekana mnyonge mbele ya ukoo wao. Miaka sita nimelipa kidogokidogo. Nyumbani nilisema mshahara umechelewa. Nami naungama: kila tulipogombana kwa habari ya sabuni au sukari, nilijiambia moyoni, «Laiti angejua niliyomtendea!» Neno hilo lilikuwa tamu kinywani mwangu. Seminari tulifundishwa ya kuwa ridhaa ya wawili ndiyo ifanyayo ndoa, wala si ng'ombe. Mimi nilimpa ridhaa yangu, kisha nikaweka akiba ya kumdai.

Kesho yake jioni nikamwambia yote. Alikaa kimya kitambo, ndipo akauliza fedha ile ilikuwa ya nani. Nilipomtaja mtu huyo, akapiga kofi.

«Kumbe! Ndiyo sababu mke wake hunitazama vile kanisani, kila nivaapo kitenge kipya!»

Hilo sikuwa nimeliwaza hata siku moja. Nilidhani mzigo ni wangu peke yangu.

Kwa siku tatu alisema nami maneno ya lazima tu. Siku ya nne akataka hadithi iendelee. Basi nikamsimulia jinsi Claire alivyoijua kweli na kuanza kumpenda mumewe, jinsi Derblay na duki walivyokwenda msituni kupigana kwa bastola, na jinsi Claire alivyowakimbilia akaiziba kwa mkono wake bastola ya duki, risasi ikampenya kiganjani. Ndipo mume na mke wakapatana.

«Angaliambiwa mapema,» mke wangu akasema, «mkono wake ungalikuwa mzima.»

Kisha akaniuliza kama mwisho wa mwezi twaweza kuipeleka fedha sisi wawili pamoja.