Kidole cha Mjomba

Nilifika Kailo na daftari la maneno ya Kisongola. Mjomba akanionyesha kidole gumba kilichoungua. Fundi mmoja alikuwa ameunga waya za stata ya pikipiki moja kwa moja kwenye kitufe, bila rilei, kwa hiyo mkondo mzito wa betri ulipita chini ya kidole chake.

“Mpwa wangu, unaandika maneno yetu tu? Na pikipiki inayotulisha?”

Niliona haya. Tulifunga rilei: sasa kitufe kinapitisha umeme kidogo wa kuiamsha tu, nayo ndiyo inayobeba mzigo wa stata. Injini iliponguruma nilimwuliza rilei anaiitaje kwa Kisongola. Alicheka, kisha akafikiri mpaka jioni. Asubuhi alikwenda Kindu na abiria. Daftarini mstari ule bado mtupu.