Hela ya Mafuta ya Uso Sitatuma

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

  Mama yako anakusalimu, na wajomba zako wameanza kupulizia salfa kwenye mikorosho, kwa hiyo nyumba nzima inanuka.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema bumu la mkopo limechelewa, na unaomba elfu arobaini ya mafuta ya uso ambayo mwenzako wa chumbani hapo hosteli ya Mabibo anayachanganya mwenyewe, kwa sababu umechoka kuitwa "Mmakonde mweusi tii". Hela ya kula nitakurushia kesho kwenye simu. Ya mafuta sitatuma, na kwa kuwa hujazoea kunyimwa na mimi bila sababu, tulia usome.

Unajua nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Wodini nilimhudumia mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji. Usoni alikuwa mwekundu-mweupe, lakini vifundo vya vidole vilibaki vyeusi, maana vifundo havidanganyiki kwa mkorogo, hayo mafuta ya kujichubua. Nilipobandua plasta iliyoshikilia dripu, ngozi ikatoka nayo. Kidonda cha tumboni kikagoma kufunga. Wenzake aliojifungua nao wamesharudi makwao, yeye bado tunamsafisha kidonda huku mtoto akilia pembeni. Ndiyo kazi ya steroidi kali zinazochanganywa humo ukizipaka miezi na miezi: ngozi inakuwa nyembamba, inasahau kujiponya. Zebaki nayo haiishii usoni, inashuka kwenye figo. Haidrokwinoni ikizidi inaacha madoa meusi kuliko rangi uliyoikimbia. Serikali imevipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, TFDA walivikamata na siku hizi TBS wanavikamata, lakini kopo lisilo na lebo nani atalikamata?

Sitakuambia "jipende". Maneno hayo yapo kwenye kila fulana na hayajamsaidia mtu. Wala sitamtukana huyo binti wa chumbani. Anaona nani anaitwa mbele akapokee wageni, anasikia nyimbo za redioni zinamsifia nani, anafanya hesabu zake. Mweupe ana bei. Mimi ninachokuuliza ni bei hiyo kaipanga nani.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na soko la watu, na wengi wa waliouzwa pale walitoka huku kwetu na kwenye njia ya Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Mwanamke wa Kihabeshi au wa Kicherkesi alinunuliwa kwa fedha nyingi akaingizwa jumbani kuwa suria. Mwanamke mweusi wa huku alikwenda kwa bei ya chini, akapewa jembe. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere akawaleta Masasi baadhi ya waliokombolewa. Ndiyo asili ya mji ule. Baadaye Waingereza wakaja na madaraja yao ya rangi. Mimi nimezaliwa Tanganyika ikiwa bado mikononi mwao, na shule zilikuwa za aina tatu: za Wazungu, za Wahindi na zetu, na ubora ulishuka kwa mpangilio huohuo. Uhuru wa 1961 uliondoa vibao milangoni. Bei zikabaki vichwani, na mtu akiwa ugenini, ana miaka ishirini, anaziokota upesi.

Huku uwandani kwa Wamakonde zilikuwepo bei nyingine. Mama wa mama yetu, ambaye wewe hukumkuta, alivaa ndonya. Kilikuwa kipande cha mti cha mviringo kwenye mdomo wa juu, na mashavuni alikuwa na chale zilizopangwa mistari kwa mistari. Alipokunywa uji alikishikilia kwa vidole viwili ili bakuli lipate nafasi, na akimaliza alikipangusa kwa ncha ya kanga, polepole, hata kama watu wanamngoja. Wapo wanaosimulia kwamba ndonya ilibuniwa ili wakamata watumwa wawaone wanawake wetu wabaya, wawaache. Siiamini hadithi hiyo. Mtu anayejitia ubaya hapangusi namna ile. Bibi alikuwa anajipamba, na enzi zake aliyekosa ndonya ndiye aliyeonewa huruma. Sikuambii ukatoboe mdomo, mambo yale yamepita na mengine yaliuma bure. Lakini ujue kwamba watu wako walishakuwa na macho yao ya kutazamia uzuri, na weupe haukuwamo.

Jambo jingine, ambalo sisi wa hospitali tunalijua na nyie wa chuo sijui kama mnalifikiri. Pale hospitali ya KCMC Moshi inatengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa sababu ngozi yao haina melanini ya kuwakinga, na jua letu linawapa saratani wakiwa bado vijana. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo anahangaika na kofia, na mikono mirefu, na kopo la krimu lisiishe kabla la pili halijafika. Kinga hiyohiyo wewe umezaliwa nayo, na unaomba elfu arobaini uiondoe.

Najua utaniambia mama mkubwa amezeeka. Haya, waulize wa rika lako. Flaviana Matata alikwenda Miss Universe mwaka 2007 na weusi wake na kichwa kilichonyolewa, akaingia kumi bora. Lupita Nyong'o wa Kenya alisema hadharani mwaka 2014, siku chache kabla ya kupewa Oscar, kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Nashukuru ombi hilo halikujibiwa. Ila sikutajii hao ili ukajione huna kitu kwa kuwa wewe si mrembo wa magazetini. Hukupelekwa chuoni Mlimani kwa ajili ya sura.

Na hapo ndipo penye jambo lililonikera kuliko mafuta. Mama yako anasema umewaambia wenzako unatoka Mtwara mjini, na kwenye semina siku hizi unakaa nyuma husemi neno. Newala imekukosea nini? Mzee Mkapa alitoka Lupaso, Masasi, akasoma Makerere, akatawala nchi miaka kumi, na mwaka 2020 akarudishwa kuzikwa Lupaso. Wiki hii kaa mbele. Swali lako liulize kwa lafudhi yako hiyohiyo. Wakicheka, lirudie.

Nimeshakuwa muuguzi muda mrefu, nahisi umeshaanza kupaka ndipo ukaniomba hela ya kuendelea. Kama ni kweli sitagomba. Ila usiache ghafla peke yako, maana ngozi iliyozoea steroidi ikikatiwa inawaka na kuvimba, na wengi hapo ndipo wanaporudi kwenye kopo. Nenda zahanati ya chuo wakuandikie rufaa kwa daktari wa ngozi, na hilo kopo ubebe alione. Gharama za hospitali ziko juu yangu. Nenda kabla mitihani haijaanza, na akishakuona unipigie siku hiyohiyo.

Mama yako mkubwa