Mmefikia kwa Nani?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na video ulizonitumia nimezitazama mpaka bando likakata. Nimeelewa kwamba wewe na mumeo mkistaafu mwakani mnataka kununua Coaster kuukuu, mng'oe viti, mtie kitanda, jiko na sola, muuze nyumba ya Mbezi, kisha muwe mnakaa pwani, leo Mwarongo, kesho Ushongo. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Kuuza nyumba nakukataza, tena nakukataza kama mjomba. Hayo mengine tunaweza kuzungumza.

Nianze na gari, kwa kuwa umri wangu wote nimeumalizia kwenye usukani wa malori ya katani. Upepo wa chumvi hauna huruma na bati. Gari likikaa Raskazone mwaka mmoja bila kuoshwa chini kwa maji baridi, gonga ubavuni karibu na tairi uone kidole kinavyopita. Kila tundu litakalotobolewa juu ya paa kwa ajili ya sola ni pa kuingilia kutu na maji ya masika. Na msije mkamwachia fundi ashike grenda kabla hamjauliza TRA na watu wa bima. Gari lililoandikwa la abiria likigeuzwa nyumba, kadi yake nayo lazima iseme hivyo, la sivyo siku ya ajali mtabaki na madeni.

Halafu joto. Januari na Februari unaijua Tanga ilivyo. Saa nane mchana ndani ya bodi la chuma, hata feni inapuliza moto. Wale wazungu wenye magari makubwa wanaopiga kambi Peponi, huku Kigombe, mchana huwaoni ndani ya magari yao. Wako chini ya miti. Gari kwao ni stoo na kitanda, na wamelipia uwanja wenye maji, bafu na choo. Choo, mwanangu! Katika video zako zote sijaona hata mmoja anayeeleza kinamwagwa wapi.

Unamtaja sana yule Mjerumani, Gunther Holtorf, aliyezunguka dunia na Mercedes yake tangu 1989 hadi 2014, zaidi ya kilomita laki nane, wakilala na mkewe nyuma ya gari. Kweli, na gari lenyewe leo liko kwenye makumbusho huko Stuttgart. Lakini soma habari yake mpaka mwisho. Alianza safari Afrika na mke mwingine, na ndoa ile haikudumu. Christine, aliyezunguka naye miaka mingi, alikuja baadaye. Wewe na mumeo mmeoana muda mrefu, ila mmekuwa mkionana jioni. Wewe mwalimu uko shuleni, bwana yuko ofisini, mnakutana mezani. Sasa mtakaa kutwa kucha mahali ambapo mmoja akitaka kugeuka mwenzake lazima asimame. Jambo hilo halijulikani mpaka lijaribiwe, na kulijaribu hakuhitaji Coaster.

Nikwambie ninaloliogopa hasa. Ile barabara ya kutoka Tanga kwenda Bagamoyo kupitia Pangani, na daraja lake la mita 525 pale mtoni, imewatia hamu mkadhani pwani yote ni uwanja mtupu unaowangoja. Pwani hii ina wenyewe. Mkiegesha jioni chini ya minazi, hata saa haijapita atakuja mtu, kwa adabu, awasalimu, awaulize mmefikia kwa nani. Mzungu akijibu kwamba hajafikia kwa mtu, ataachwa, kwa kuwa ni mzungu. Ninyi hamtaachwa. Mtu mzima na mkewe, Waswahili, wanalala barabarani kwenye gari, hawana mwenyeji: watu watasema mmefukuzwa na watoto, au mmekuja na jambo la usiku.

Tazama wavuvi wanaokwenda dago. Wapemba na Watumbatu wanavuka msimu ukiwaruhusu, wanajenga vibanda vya makuti Kipumbwi au Mkwaja, wanakaa miezi. Lakini nahodha hashushi chungu kabla hajaonana na viongozi wa kijiji na watu wa BMU wanaosimamia uvuvi pale. Ana mwenyeji, na msiba ukitokea hapo anakwenda kuzika kama wengine. Na kwao ameacha nyumba, na mke ndani yake. Msimu ukigeuka anarudi, kwa sababu pa kurudi papo. Wanaoweza kukaa ugenini miezi minne bila wasiwasi ndio hao. Ninyi mnataka kwenda dago huku mkiuza nyumba.

Sheria nayo ipo. Tangu Sheria ya Mazingira ya 2004, zile mita 60 kutoka ufukweni hazikuachwa kwa kila mtu afanye atakavyo, kwa hiyo msijiwekee makazi mchangani. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kulala humo kunalipiwa kwa siku. Baada ya Mkwaja kuna udongo mweusi ambao wakati wa masika umenilaza njiani na lori tupu. Coaster yenye kabati na tenki la maji msithubutu.

Mkupuo wa mafao hauji mara mbili. Pensheni ya mwezi itawatosha kwa mafuta, samaki na mitungi ya gesi, lakini haitanunua nyumba nyingine Mbezi. Na presha ya mumeo inataka kliniki ile ile na daktari yule yule, angalau kila baada ya miezi michache.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Njooni mwishoni mwa Septemba, kusi likishalegea na vuli haijaanza. Noah ya mwanangu ipo, tutatoa viti vya nyuma na kuweka godoro. Kigombe mtalala kwenye uwanja wa shemeji yangu, Pangani ninaye mtu, Kipumbwi nitapiga simu kwa mwenyekiti. Kisha mrudi tena Februari, kwenye joto lenyewe. Mkimaliza hapo bado mnasemeshana, nitakwenda nanyi mwenyewe kukagua hiyo Coaster, na nitalala chini yake na tochi.

Lete chandarua kikubwa na madumu mawili ya lita ishirini, ya hapa yamepasuka. Breki za nyuma za Noah nitazitazama wiki hii.

Mjomba wako